Mizinga Mitupu ya Mzee Nzioka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Nzioka wa Kamenu, aliyetuacha Jumanne. Mzee Nzioka, mlinzi wa bwawa. Kama uliwahi kuiba samaki kwa lile bwawa la stima, huyu ndiye ulikuwa unamkimbia.

Ilikuwa hamsini na nne, wakati wa emajensi, serikali ya mkoloni ikipigana na Mau Mau. Nzioka alikuwa kijana wa kampuni ya stima, kazi yake kutoa magugu yasizibe mashine. Ukingoni kulikuwa na mikuyu mikubwa, na kwa hiyo mikuyu, mbega. Wale kima weusi wenye mashuka meupe mabegani, wametulia kama wazee wa kanisa. Nzioka alikuwa anakula mchana wake akiwaangalia.

Siku moja amri ya meneja wa kampuni ikaja: mikuyu yote ikatwe, watu wa msituni wasipate pa kujificha. Nzioka akapima. Akibisha, kazi imeenda. Akinyamaza, mbega wameenda.

Sasa, wakataji wote walikuwa Wakamba. Na Mkamba hakati mti wenye mzinga wa nyuki wa mwenzake, hata umtishe vipi. Nzioka akabeba mizinga ya marehemu babake, mitupu kabisa, akaitundika kwa mikuyu.

Wakataji walipofika wakaangalia juu, wakaweka mashoka chini. Mnyapara wao Absalom, ambaye si Mkamba, akawaka.

"Wewe Nzioka! Hata nyuki wako wanataka kuandikwa na kampuni?"

"Panda uwaulize, mnyapara."

Alijibu hivyo roho iko mkononi. Mizinga ni mitupu, na anayejua ni yeye peke yake.

Wakavutana mpaka mvua ikapita, maua yakatoka. Mwishowe Absalom akapanda aitupe chini mwenyewe.

Alishuka bila ngazi. Kumbe mizinga ilikuwa imepata wapangaji!

Binti yake, Kalondu, anasema, "Baba alishtuka kuliko Absalom."

Meneja kuona uso wa Absalom umevimba, akacheka, akasema miti ibaki. Baadaye kampuni ikaona mizizi inazuia matope kuingia bwawani. Ikaweka sheria: ukingoni hakuna shoka, hakuna nyavu. Mlinzi? Nzioka. Absalom naye alipelekewa asali kila Krismasi mpaka alipofariki.

Kwa Kalondu na jamaa wote, poleni sana. Mungu awashike mkono.

Mbega bado wako pale, wasikilizaji. Na wewe, kile unachokipenda, shoka likija, umekitundikia nini?