Matete Makavu Kuzunguka Dushi

Bamama, muniachie niongee nikiwa nimekaa. Miguu inaniuma, na hii maneno sitaimaliza haraka. Mulisema leo njo zamu yangu ya kusimulia mu kikundi yetu, sawa. Jina ya muntu sitataja, hata ya yule mwenye alinikosea, juu tunaonana naye ku soko.

Miye ninatoka Buleusa, kule Walikale. Tulikimbia vita, miye na mutoto yangu mwanamuke. Bwana yangu alibakia kule, mu udongo. Tulipofika hapa Kitshanga, mu Masisi, mama moja mujane, mulimaji wa maharagi, alitukuta tumekaa ku barabara na mvua inatupiga. Hatukuwa tunajuana. Akatupa kona nyuma ya nyumba yake. Tukasimamisha miti, tukafunika shitingi ya plastiki, tukalala.

Lakini, ndugu zangu, lupango yake, ile kiwanja ya nyumba, ilikuwa wazi. Njia ya kwenda ku soko inapita palepale. Dushi yetu, pa kuogea, ilikuwa miti ine na kitenge ya zamani, na upepo ikipiga kidogo tu, kila mwenye kupita anaona yote. Mutoto alikuwa na miaka kumi na ine. Munajua benyewe ile miaka. Nilikuwa ninasimama pale, ninashika kitenge na mikono mbili, ninamuambia, "Fanya mbio."

Kisha akaanza kukuya papa moja, mwanaume muzima, wa pikipiki. Mutoto akiingia kuoga tu, pikipiki inazimika pale. Siku moja nikamuuliza, "Papa, unatafuta nani?" Akanijibu bila hata kugeuza macho, "Mama, njia ni ya bote." Nikakaza kitenge na mikono yote.

Mutoto akaacha kuoga. Wiki nzima anapangusa uso tu. Ku masomo benzake bakaanza kuziba pua, basi akaacha na masomo. Nikimuongelesha ananipa mugongo. Nilichoka, bamama. Ile kuchoka yenye hata ukilala unaamuka nayo.

Sasa musikie ujinga yangu. Kwetu Walikale udongo ni mingi, pori haiishe. Mama akitaka kujificha, anakata matawi ya miti yenye kushika mizizi, anaipanda kuzunguka dushi yake, na hakuna mwenye kumuuliza. Njo vile nilifanya. Mwenye lupango alikuwa ameenda Kirotshe kumuuguza dada yake ku hospitali. Nikakata matawi ya mihati, ile miti yenye kushika mbio, nikaipanda mustari kutoka ku dushi mpaka ku njia, nikaizungusha mpaka ku mulango yetu. Nilijisikia muzuri kabisa. Mama alikawia kule, na aliporudi, mihati ilikuwa imetoa majani.

Benye mulizaliwa hapa Masisi munacheka. Eh, mucheke tu. Ninyi mulikuwa munajua, miye sikujua: huku muhati njo mupaka. Mwenye kuipanda anasema kutoka hapa mpaka pale ni kwangu. Na juu ya udongo huku, bantu banauana.

Ile mama hakupiga kelele. Alisimama na muzigo yake ku kichwa, akatazama ule mustari, akaniambia, "Nilikupa pa kulala. Wewe unakamata udongo ya batoto yangu?" Haya ilinifunga. Namna gani nitasema mbele ya bana yake banaume kama mutoto yangu banamuchungulia? Nikanyamaza. Yeye akaona ninanyamaza juu niko na kosa. Akasema Siku ya Mungu, ile ya kusali, isitukute pale.

Nikaanza kufunga bintu. Ilikuwa sufuria mbili na nguo kidogo, lakini nilifunga siku mbili nzima, mikono haikutaka. Mutoto akanitazama, akauliza, "Mama, kule tunaenda, dushi iko?"

Njo pale haya iliniisha. Nikakamata jembe, nikang'oa ile mihati moja moja na mizizi yake, nikaipanga mbele ya mulango ya ile mama. Akatoka. Nikamuambia yote, ya pikipiki, ya kitenge, ya kuziba pua, ya masomo. Bana yake balikuwa pale, bakasikia. Nilikuwa ninalia na hasira, hata heshima nilisahau.

Alikaa chini palepale ku mulango. Kisha akasema, "Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilisikia haya, mama."

"Miye nilizaa banamuke batatu. Unazani balikuwa banaoga wapi?" Akatazama ile miti ku udongo. "Muti yenye kushika, hapana. Sitaki. Lete matete makavu. Ile haina mizizi, bana yangu batatulia."

Bamama, njo ninyi mulishuka ku maji kukata matete. Hata mwenye mugongo inamusumbua alikuya, nilimuona. Bana ya ile mama njo balichimba mashimo ya miti. Tukasuka ukuta yenye kupita kichwa ya muntu murefu, tukatia mulango ya mbao na komeo kwa ndani. Yule wa pikipiki alisimama mara mbili, akaona matete, akaenda zake.

Sitabadanganya kama nimepona. Matete inaoza na mvua, nitasuka upya kila mara, juu udongo haiko yangu. Mutoto amerudi ku masomo, lakini akisikia pikipiki bado anashituka. Ila juzi aliingia mu dushi saa sita ya muchana, akakawia. Ile mama akamuita, "We mutoto, unamaliza ndoo?" Akajibu, "Bado." Hakuna mwenye alimuharakisha. Miye nilikuwa ninachambua maharagi, nikainama ili basinione.

Aksanti kwa ile mama. Aksanti kwenu bote. Ukikaa kwa bantu, uliza mbele ya kupanda. Na haya yenye nilificha karibu itutupe ku barabara, kuliko hata yule papa.

Kama kuko mama hapa mwenye dushi yake iko wazi, asiseme kintu mbele ya bantu. Apite tu kwangu. Matete ingine imekauka, iko nyuma ya nyumba, na kamba nilishasuka.