Miaka Thelathini na Minne ya Mama Muhuri na Wapiga Kelele Wake

Ijumaa tarehe 30 Juni, ikifika saa tisa na nusu alasiri, Msomaji Mkuu wa Nyimbo katika Idara ya Utamaduni na Kumbi atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia halmashauri yetu kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hizo siku tisa amenikumbusha mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika "na ushee". Kwenye faili la utumishi ana jina refu la heshima. Sisi wengine, tangu mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamwita Mama Muhuri.

Mwandishi wa wasifu huu ni msaidizi wake, mwenye meza ya pili, ile ya karibu na mlango, kwa miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo tusifichane. Kila aliyesimama nami kwenye foleni ya chai mwezi huu ameniuliza swali moja tu: nani atarithi kiti na muhuri? Mimi nilikuwa na jibu langu. Mke wangu alikuwa na jibu hilohilo, na alikwisha kuja kupima dirisha la ofisi ili ashone mapazia. Mambo yalivyokwenda nitayaeleza kwa zamu yake, maana leo si siku yangu.

Kwa walioajiriwa juzi: sheria ndogo ya kumbi, iliyotungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, inaagiza kwamba kila wimbo utakaoimbwa katika ukumbi wa halmashauri usomwe kwanza na ofisa, naye augongee muhuri ukifaa, au aukatae ukiwa na "maneno yasiyo ya kweli au ya kuudhi". Waliomtangulia Mama Muhuri waling'ang'ania hilo la kuudhi kama kupe. Nyimbo za mapenzi zilipita. Nyimbo za kusifu maua ya bustani ya halmashauri zilipita, tena kwa makofi. Bendi za panki, wale vijana wa gitaa mbili na hasira kumi, waliishia kupiga muziki kwenye gereji za wajomba zao huku gari likitengenezwa.

Yeye alibadilisha mambo mawili tu, na aliyabadilisha wiki ya kwanza. Kwanza, alitangaza kwamba atakayeudhiwa na wimbo aje mwenyewe mezani, ajaze fomu kwa nakala tatu, aeleze ni mstari upi umemuudhi na kwa nini anadhani unamhusu yeye. Miaka ikapita, fomu zikageuka rangi ya chai kabatini. Nani aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba wimbo wa mla rushwa umemchoma? Pili, alisema kwamba kazi yake yeye ni hilo la ukweli. Hapo ndipo wanamuziki walipoanza kuona cha mtema kuni.

Bendi ya kwanza kupita mikononi mwake ilikuwa Paa Linavuja: vijana wanne, nywele zimesimama kama brashi ya kusugulia sakafu, na wimbo wa dakika moja na nusu kuhusu mfereji wa nyuma ya soko. Mwimbaji alikuja na mswaki mfukoni, kwa kuamini kwamba siku hiyo atalala ndani. Mama Muhuri alisoma, akavua viatu vya ofisini, akavaa vya mvua, akaenda sokoni na ufito. Akaupima mfereji. Akamhoji fundi cherehani mwenye kibanda pale jirani. Wimbo ulidai kwamba mfereji umeziba kwa miaka minne. Aliporudi aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Sita. Rekebisheni, mrudi kesho."

Vijana wale walitoka wamenywea. Walikuwa wamejiandaa kupigwa marufuku. Hawakujiandaa kufanyishwa masahihisho. Lakini walirudi, na Jumamosi ukumbi mzima uliimba "sita" mpaka vioo vikatetemeka. Mkuu wa mifereji alitaka kukanusha, akakuta hana pa kushika, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Jumatano makoleo yalikuwa mferejini.

Baada ya hapo bendi zilijua la kufanya. Foleni Ndefu, dada watatu ambao mchana ni wafagizi wa zahanati, walileta wimbo unaosema kwamba wagonjwa mia mbili wanagombea benchi moja. Mama Muhuri alikaa pale zahanati asubuhi nzima, akihesabu vichwa, mpaka nesi akamwandalia kadi akidhani ni mgonjwa. Walikuwa mia moja sabini na watatu, na mabenchi yalikuwa mawili, moja lina miguu mitatu. Dada wale walinung'unika kwamba hayo hayaimbiki. Yaliimbika. Ile namba ndefu, ikipigiwa kelele na watu watatu waliokasirika, ilikuwa kiitikio kikali kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Watoto waliiimba wakiruka kamba. Mabenchi manne yaliletwa kabla ya mwezi kwisha, na lile la miguu mitatu likapelekwa chumba cha mikutano cha madiwani, ambako liko mpaka leo.

Sasa niseme ukweli wangu. Mimi si mtu wa panki. Napenda muziki ambao mtu anaweza kuusikiliza huku akila. Nimekaa miaka kumi na mmoja na pamba masikioni, na mara mbili nimelazimika kushikilia toazi, ile sahani ya shaba ya mpiga ngoma, kwa mikono yangu katikati ya ofisi, kwa kuwa stendi ya bendi ilikuwa imevunjika na Mama Muhuri alitaka kuusikia wimbo jinsi utakavyopigwa. Hata hivyo alinifundisha kuwaheshimu watu hawa, na sababu zake nazijua kwa moyo. Ripoti ya idara, alikuwa akisema, ina kurasa arobaini na haisomwi hata na aliyeiandika. Wimbo wa panki una mistari minane na dereva wa mkurugenzi anaujua wote. Tena hauhitaji ujuzi. Mtu aliyekasirika Jumatatu anaweza kujifunza sauti tatu za gitaa Jumatano na kupanda jukwaani Ijumaa, mambo yakiwa bado ya moto. Na bendi hizi hazina mfadhili, hazitegemei tangazo la sabuni wala shukrani za mheshimiwa, kwa hiyo hakuna wa kuwaambia wapunguze sauti.

Mkurugenzi wetu aliwahi kumkumbusha kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mama Muhuri alimjibu kwa adabu zote kwamba ni kweli, mheshimiwa, lakini chura ndiye anayeishi humo majini, na ng'ombe mwenye akili angemuuliza kwanza kama ni safi. Mkurugenzi alicheka, kisha akaacha kucheka.

Asidhani mtu kwamba alipenda kila mwenye kupayuka. Kulikuwa na bendi moja iliyojiita Tumechoka, ambayo nyimbo zake zote kumi na mbili zilisema wakubwa ni wabaya, basi. Alizirudisha zote kumi na mbili, kila moja na maswali yaleyale: nani, wapi, lini? Debe tupu, aliwaambia, haliachi kuvuma, lakini nyie mna mengi ndani, yatoeni. Waliondoka wamekasirika sana, jambo ambalo kwa bendi ya panki ni maendeleo. Wimbo wao wa kumi na tatu ulitaja ghala, ukataja tarehe, na mlinzi wa ghala alihamishwa.

Naomba pia kukiri kosa langu, kabla hajalikiri mwingine. Mwaka ule Mama Muhuri alipokwenda likizo ya wiki mbili, muhuri nilibaki nao mimi. Bendi moja ilileta wimbo uliosema daraja la mtoni limeanguka. Mvua ilikuwa inanyesha, viatu vyangu vilikuwa vipya, na wimbo ulikuwa unaeleweka vizuri tu. Nikagonga muhuri. Daraja lilikuwa zima kama jino la mamba. Lakini watu walikwisha kuzoea kwamba wimbo wenye muhuri wetu ni wa kweli tupu, na kwa siku mbili mji mzima ulizunguka njia ya mbali. Wanafunzi walichelewa mtihani, bwana harusi alifika bibi harusi akiwa amekwisha kula, na hata mhandisi wa madaraja, ambaye ofisi yake inalitazama daraja lenyewe, alizunguka. Mama Muhuri aliporudi hakunifokea. Alinipandisha jukwaani nisome masahihisho mbele ya mashabiki mia tatu wenye vipini puani. Walinirushia vikombe vya karatasi mpaka nikamaliza, halafu wakanishangilia kuliko nilivyoshangiliwa siku ya ndoa yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kugonga muhuri nikiwa nimekaa.

Basi, Oktoba iliyopita, wale Paa Linavuja walikuja tena. Nywele zimekwisha, vitambi vimeingia, mwimbaji sasa ni baba wa watoto wanne na ana duka la vyombo. Walileta wimbo mpya, na mwimbaji aliuweka mezani bila kumtazama usoni mama yetu. Wimbo ulimhusu yeye. Ulisema: raia anaombaje ruhusa ya kukasirika? Ulisema kufuli lililotiwa mafuta mazuri bado ni kufuli. Ulisema kuna mama mwema amekaa miaka thelathini kwenye kiti laini akiamua nani aseme nini, na wema wake ndio umetufanya tusahau kuuliza. Kiitikio kilikuwa "Mama, weka muhuri chini", mara nane.

Mkuki kwa nguruwe, nikajisemea, sasa tutaona. Aliusoma tangu asubuhi. Hakula. Saa nane alichukua kalamu na kuandika kwamba si thelathini, ni thelathini na mitatu. Kisha akamwita mwimbaji, akamketisha kwenye kiti chake ili ahakikishe mwenyewe kama ni laini. Mwimbaji alikaa, akainuka upesi akijishika kiuno, na neno "laini" likafutwa. Nilidhani yamekwisha. Lakini alikwenda kabatini, akatoa ile fomu ya walioudhika, akaijaza kwa nakala tatu, akajiandikia yeye mwenyewe. Penye "eleza kilichokuudhi" aliandika: "Kila mstari." Penye "je, ni kweli?" aliandika: "Ndiyo." Akagonga muhuri kwenye wimbo. Mimi machozi yalinitoka, sitaki kusingizia vumbi.

Jumamosi ile alisimama safu ya mbele na mkoba wake kifuani, akiimba kiitikio mara zote nane. Jumatatu alimwandikia mkurugenzi kwamba akistaafu, nafasi yake isijazwe.

Mnaelewa sasa. Hakuniambia. Niliipata barua kwenye trei ya kupelekwa, nikaisoma nimesimama, nikafikiria mapazia, nikajipa moyo kwamba mkurugenzi atakataa. Wiki iliyopita jibu likatoka: kuanzia Julai meza yetu inafungwa, ibara ile ya sheria ndogo imekwisha kufutwa, na katika ukumbi wa halmashauri mtu ataimba atakacho. Mimi nahamishiwa Kitengo cha Malalamiko. Kwa siku tatu sikumsalimu Mama Muhuri. Naandika hili katika gazeti letu la wafanyakazi kwa aibu, maana wote mliona. Siku ya nne alivuta kiti akakaa mbele ya meza yangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Mdogo wangu," akasema, "ningekuachia muhuri ule, ungeutumia vizuri. Hilo ndilo lililoniogopesha. Baada yako angekuja nani?"

Nilikitaka kiti kile kwa miaka kumi na mmoja, na naona uchungu kukikosa, tena uchungu wa kweli. Lakini Jumanne dada wa Foleni Ndefu walikuja na wimbo kuhusu taa za barabarani, ingawa walijua kwamba hawadaiwi tena ruhusa na mtu. Walitaka tu kujua kama taa zilizokufa ni kumi na nane. Nilikwenda kuhesabu. Ni ishirini na moja.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, mama, ahsante: kwa mfereji, kwa mabenchi, kwa masikio yetu yaliyoharibika, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kuambiwa ukweli akabaki mzima. Mumeo, fundi saa, ambaye ni mtu wa ukimya, ameomba tuwatangazie wanabendi kwamba sebule yake haina nafasi ya mazoezi. Tumewatangazia. Hawakusikia.

Nyote mnakaribishwa ukumbini Ijumaa hiyo saa kumi jioni. Paa Linavuja watafungua kwa wimbo waliomtungia, na mimi nimewauliza unasemaje, wakakataa kuniambia. Hakuna aliyeusoma. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne, Mama Muhuri ataketi gizani kati yetu bila kujua neno litakalofuata. Tunakutakia afya, amani na jioni nyingi za namna hiyo.