Filimbi Hakuandika Hapana

Alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni, fimbo ameibana katikati ya magoti, akipitisha uzi kwenye tundu za kichwa cha fimbo na kuukaza kwa meno. Chai yake ilikuwa imepoa. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alipita nyuma yake akasema, "Mke wangu, meno hayo hayana spea." Akajibu bila kuinua kichwa, "Na macho je? Mbona unachomelea bila miwani?"

Wasikilizaji wapendwa, huo ndio ulikuwa utani wao wa mwisho. Jioni ile wavu haukukamilika. Aliiweka fimbo juu ya kabati, akasema ataimalizia kesho. Asubuhi hakuamka.

Leo tunamkumbuka mwalimu wa michezo ambaye mtaa mzima ulimwita Filimbi. Filimbi hakuwa na filimbi. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu hawakuwahi kumwona mwalimu wa michezo asiyepuliza. Akitaka kimya, alinyamaza yeye kwanza, akawatazama mpaka mmoja mmoja akaona haya. Hakuwa mtu wa kelele. Narudia, hakuwa mtu wa kelele. Ndiyo maana hasira ilipompata, waliomjua waliogopa.

Mama yake ametuambia hivi: "Huyu tangu utotoni alikuwa hakubali neno mpaka alishike. Ukimwambia pasi ina moto, anakuletea kidole." Alipokuwa chuo cha ualimu, alikataa kufundisha mchezo wowote ambao hajaucheza. Alijifunza kuogelea akiwa mtu mzima, mbele ya wanafunzi wake, na wanafunzi wake wakamcheka. Aliwaacha wacheke. Alisema mtoto aliyemwona mwalimu wake akinywa maji ya bwawa haogopi tena kuyanywa.

Baadaye alihamishiwa idara ya vijana katika ofisi ya mji. Huko alikuta furushi la fimbo nyuma ya mifagio. Zilikuwa msaada kutoka klabu fulani iliyofungwa. Fimbo za lakrosi. Kwa msikilizaji asiyeujua mchezo huu: ni fimbo yenye kikapu cha wavu mwishoni. Unadaka mpira mdogo kwa kikapu hicho, unakimbia nao, unaurusha kwa mwenzako au golini. Nyavu zilikuwa zimeoza. Hakuna aliyezitaka.

Mkuu wake wa kazi alikuwa mtu mwenye haraka. Wafanyakazi walimwita Bwana Muhtasari, kwani hata ukimsalimia alitaka ufupishe. Ndiye aliyempa Filimbi kazi hii: achunguze kama vijana wa mji wanahitaji programu ya lakrosi. Wakiihitaji, kiwanja kilicho nyuma ya gereji kitakuwa chao. Wasipoihitaji, kitamwagiwa zege na kuwa maegesho ya magari ya ofisi. Jambo lilikuwa hilo tu, wasikilizaji. Kiwanja cha watoto, au maegesho.

Filimbi alianza na nyavu. Mumewe alimchomelea magoli kutokana na mabomba ya zamani. Kisha akabeba fimbo kiwanjani, akazilaza chini, akaanza kurusha mpira ukutani peke yake. Hakumwita mtu. Mtoto wa kwanza alisimama mbali. Wa pili akauliza, "Mwalimu, hiyo miko ni ya kupikia nini?" Kuanzia siku hiyo zikaitwa miko. "Filimbi, leo miko ipo?" Ndivyo walivyokuwa wakiuliza, na mchezo ukapata jina la nyumbani.

Sasa sikilizeni namna yake ya kufanya kazi, maana hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Filimbi hakumuuliza mtoto yeyote kama ameupenda mchezo. Mdogo wake, ambaye ni msusi, alimshangaa. "Dada, umetumwa uwaulize, na wewe huulizi?" Filimbi akamjibu, "Mtoto ukimuuliza kama amependa, atasema ndiyo kwa adabu. Mimi nataka kujua nani atarudi."

Wiki ya kwanza aligawa juisi. Watoto wakafurika. Mwisho wa wiki akaifuta wiki yote kwenye hesabu yake, akasema hao walifuata juisi. Mdogo wake akamwambia, "Unajipunguzia mwenyewe." Akasema, "Najipunguzia uongo." Wiki zilizofuata hakutoa kitu. Hakuwaita. Mvua ikaanza. Akakaa chini ya bati la gereji, mikono mapajani, akingoja. Wakaja. Wengine wamevaa mifuko ya plastiki kichwani. Wasichana walikuja wengi kuliko wavulana, jambo ambalo hakulitarajia, na hakujidai kwamba alilitarajia.

Bado hakuandika ndiyo. Alisema hajafika mitaa ya ng'ambo ya reli. Watoto wa kule hawavuki reli kuja kucheza, na huwezi kuusemea mji mzima kwa kutazama upande mmoja. Alikuwa anajiandaa kwenda. Fimbo ile ya mezani ilikuwa ya kule.

Wakati huohuo Bwana Muhtasari alichoka kungoja. Aliagiza wazazi wapigiwe simu. Walipigiwa saa za kazi. Waliulizwa swali moja: je, mwanao anahitaji lakrosi? Wakajibu hapana. Mama mmoja, mpokea wageni katika zahanati, ametueleza bila kuficha: "Nilijua ni chanjo. Nikasema hapana, asante, mwanangu alishachomwa zote." Na mwanawe, wasikilizaji, alikuwa kiwanjani jioni hiyohiyo, amelowa, ana mwiko mkononi.

Mnaweza kucheka. Filimbi naye alicheka kidogo aliposikia. Kisha akaacha kucheka.

Aliingia ofisini kwa mkuu wake. Aliyotuambia mdogo mtu ni yale aliyosimuliwa jioni ile, na waliokuwa chumba cha pili wameyathibitisha. Bwana Muhtasari alisema, "Mwalimu, wananchi wamesema. Mimi na wewe ni nani tuwapinge?"

"Wameulizwa nini?"

Akamsomea swali.

"Umewauzia mbuzi kwenye gunia," Filimbi akasema, "kisha umeandika kwamba hawapendi mbuzi."

Mkuu akatabasamu. "Asiyejua maana haambiwi maana, mwalimu."

"Basi anaonyeshwa."

Mkuu akamsogezea taarifa atie sahihi, maana kazi alikuwa amekabidhiwa yeye. Taarifa ilisema hakuna uhitaji. Filimbi akairudisha juu ya meza. Sauti yake haikupanda. Alisema, "Hukuuliza ili ujue. Uliuliza ili usikie hapana. Mimi sijaandika hapana. Na ndiyo sijaandika, sijamaliza kazi. Subiri nimalize." Akatoka. Mdogo wake anasema alipofika saluni, mteja alihama kiti ampishe. "Dada yangu sijawahi kumwona vile. Alikuwa amefura. Alisema wamewafanya watoto wale kuwa wajinga ili wao wapate pa kuegesha."

Siku chache baadaye akafariki. Daktari alisema ni moyo, na moyo wake ulikuwa na tatizo la miaka mingi. Hatutasema kwamba ofisi ilimuua. Narudia, hatusemi hivyo. Yeye mwenyewe asingekubali hitimisho la haraka namna hiyo.

Lakini haya tutayasema, kwa kuwa yapo na yameonekana kwa macho. Kwenye mazishi Bwana Muhtasari alisimama akazungumza, na siku hiyo hakufupisha. Alimwita marehemu nguzo ya vijana. Mume wa marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogelea akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, maneno ni mazuri. Niachie kiwanja tu." Mkuu akampigapiga begani.

Wiki iliyofuata geti la kiwanja likafungwa kwa kufuli jipya. Juu yake likabandikwa tangazo. Lilisema kwamba uchunguzi ulioongozwa na marehemu umebaini kuwa vijana wa mji hawahitaji programu hiyo. Ulioongozwa na marehemu. Walimngoja afe, wakampa maneno aliyoyakataa akiwa hai. Sauti hii mnayoisikia haijazoea hasira, wasikilizaji, na mtanisamehe. Lakini maiti hawezi kurudisha karatasi juu ya meza.

Fundi alipoliona tangazo alishika kufuli, akaligeuza. "Hili nalikata kabla ya chai kupoa."

Mdogo wa marehemu akamshika mkono. "Shemeji, usikate. Ukikata, kesho watasema mwizi wa kufuli ndiye aliyetaka mchezo. Dada alikuwa akingoja. Na sisi tungoje."

Wakasimama chini ya bati la gereji, palepale alipokuwa akikaa yeye. Mvua ilikuwa inanyesha. Hapakuwa na juisi. Hapakuwa na fimbo, zote zilikuwa nyumbani. Mwalimu mwenyewe alikuwa amezikwa, na kila mtoto alijua. Hakuna aliyewaita.

Wakaja.

Walikuja na mifuko yao kichwani, wakasimama mbele ya geti. Waliojua kusoma wakawasomea wadogo tangazo. Msichana mmoja akauliza, "Mama mdogo, eti Filimbi kasema hatuutaki?" Msusi akamjibu, "Hajasema." Msichana akasema, "Najua." Wakabaki wamesimama. Hawakupiga kelele, hawakuligusa geti. Walifanya alivyowafundisha: walinyamaza, wakalitazama. Afisa mmoja aliyekuwa akipita na gari alipunguza mwendo, kisha akaangalia upande mwingine.

Familia imeiandikia ofisi ikitaka jina la marehemu liondolewe kwenye tangazo lile. Tulimtafuta Bwana Muhtasari. Alisema hana la kuongeza. Safari hii alifupisha vizuri. Mpaka tunaingia hewani, jina bado lipo.

Kwa mume wa marehemu, kwa mama mzazi, kwa mdogo mtu na kwa watoto wa kiwanjani, kituo hiki kinawapa pole. Msiba wenu ni wetu. Na kwako msikilizaji, popote ulipo, kuna siku utatumwa kuwauliza watu wanahitaji nini. Huenda ni kazini, huenda ni nyumbani kwako mwenyewe. Kabla hujaandika hapana, jiulize kama umewaonyesha. Na jiulize kama ulikuwa tayari kusikia ndiyo.

Jioni hii mdogo wa marehemu amefunga saluni mapema. Ameishusha ile fimbo kutoka juu ya kabati, ameibana katikati ya magoti kwenye meza ileile ya jikoni. Vidole vya msusi vinajua kufunga, ila uzi huu ni mgumu kuliko nywele, na shemeji yake amemkataza kutumia meno. Wavu umefika nusu. Amesema usiku ukiingia ataiacha hapohapo mezani. Kesho atamalizia, kisha atavuka reli.