Siku Gladness Alipoacha Miadi Yake

Wapendwa waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi ni Ruth, dada yake Gladness, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nikikwama naomba mnivumilie.

Gladness Eliezeri alizaliwa tarehe 9 Juni 1984 hapa Machame, mtoto wa tatu wa Mzee Eliezeri na Mama Magdalena, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1992 hadi 1998, akapata kipaimara mwaka huohuo, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002, na mwaka 2006 akahitimu ufundi wa kompyuta mjini Moshi.

Aliajiriwa dukani mjini mwaka 2007, na mwaka 2013 akafungua karakana yake pale Rau. Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na Eliamini, wakajaliwa watoto wawili, Kindness mwaka 2012 na Ezra mwaka 2020.

Januari 2024 aligundua uvimbe kwenye titi, akapangiwa kumwona daktari Jumatano, tarehe 28 Februari. Asubuhi hiyo mkuu wa shule moja ya sekondari alimpigia simu, kwamba ukurasa wa kusajili watahiniwa unaganda, siku ya mwisho ni leo, na watoto sitini na wawili hawajaingizwa. Fundi mwingine alikuwa amefuta kila kitu na kuweka upya, lakini mwalimu alipoingia kwa akaunti yake tatizo likarudi.

Nilimgombeza, nikamwambia, "Gladi, nenda hospitali, mafundi wako wengi," naye akavaa viatu huku akinijibu, "Dada, mimi nitapangiwa siku nyingine, hawa dirisha lao linafungwa saa kumi."

Alikuta kompyuta ni nzima, ila kwenye programu ya kufungulia mtandao walimu walikuwa wamebandika programu ndogo za nyongeza zilizotengenezwa na watu wengine, kumi na moja kwa jumla, nazo zilijirudisha zenyewe kila mwalimu alipoingia kwa akaunti yake. Alizizima zote, ukurasa ukafunguka, majina yote yakaingia kabla ya saa kumi, kisha akabaki akiziwasha mojamoja hadi akaipata yenye kosa, iliyokuwa ya kutafsiri maandishi, akaing'oa.

Miadi mipya ilikuja baada ya wiki tano. Madaktari wametuambia wiki hizo hazikubadili kitu, nami najitahidi kuwaamini, ingawa kuna siku nashindwa. Alipasuliwa, akatibiwa kwa dawa kali, akapata nafuu, lakini Agosti mwaka huu ugonjwa ulirudi mapafuni, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliolinda karakana, majirani mlioleta mtori wa ndizi kila siku hata alipokuwa hawezi kuumeza, na ninyi vijana mliosajiliwa siku ile, tumewaona mmefika.

Ameacha wazazi, mume na watoto. Ezra anauliza mama anarudi lini.

Gladi, mdogo wangu, Bwana akupumzishe kwa amani.