Vizingiti Vitupu vya Mtaa wa Kisima: Maisha ya Vedavalli Ekambaram

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mtaa wa Kisima na wa Mtaa wa Wahunzi, walimu mliofanya kazi na marehemu, nanyi mliotoka ofisi ya mipango ya mji, mimi ni Dhanasekaran Arumugam, kaka yake mkubwa, na ukoo wa shemeji yangu umeniomba niwasomee maisha ya dada yangu kabla mwili haujatoka, kwa kuwa ndimi niliyebaki kati ya wale waliokuwapo siku aliyozaliwa.

Marehemu aliitwa Vedavalli. Wengi wenu mlimwita Valli, na karani wa Kifaransa aliyeandika cheti chake alilikosea jina hilo kwa namna yake, lakini baba yetu Arumugam, mwendesha tanuri wa kiwanda cha nguo, na mama yetu Thaiyalnayaki, walimpa jina la Vedavalli, na kwa jina hilo tutamsindikiza. Alizaliwa hapa Puducherry, Jumamosi ya tarehe 3 Februari 1951, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho.

Aliingia shule ya masista mwaka 1956, bendera ya Wafaransa ikiwa imekwisha kushushwa, hivyo yeye alisoma kwa Kitamil pale ambapo mimi nilikaririshwa mito ya Ufaransa, akamaliza mwaka 1967, na baadaye akapata cheti cha ualimu huko Tiruchirappalli mwaka 1971. Kolamu, michoro yetu ya mlangoni, hakufundishwa shuleni. Alifundishwa na mama yetu mbele ya mlango, jua halijatoka, mama akidondosha nukta za unga wa mchele juu ya ardhi iliyofagiwa na kunyunyizwa maji, naye akiupitisha mstari kuzizunguka, na kosa lililomponza akapigwa lilikuwa moja tu, kuacha nukta nje ya mstari.

Kuanzia Juni 1971 hadi Machi 2009 alikuwa mwalimu wa kuchora na kushona katika shule ya serikali ya wasichana, na wapo hapa akina mama wenye wajukuu ambao bado huficha vidole vyao nyuma wakikumbuka rula yake. Tarehe 27 Agosti 1973 aliolewa na Ekambaram Natesan, fundi wa mitambo, akahamia Mtaa huu wa Kisima, ambao nyumba zake zote saba ni za ukoo mmoja. Walijaliwa watoto wawili, Sivagami, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1975, na Nedumaran, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1978. Shemeji yangu Ekambaram alifariki tarehe 14 Aprili 2014, na tangu hapo marehemu aliishi na Nedumaran na mkewe, Poongodi.

Sasa nafika kwenye kazi yake ya mwisho, nayo siwezi kuipita upesi, maana wengi wenu mmekaa hapa mkiwaza Alhamisi, nami pia naiwaza.

Mwaka 2023 ofisi ya mipango ilitaka kuchimba mfereji mpana wa kuondoa maji ya mvua katika mitaa yetu, na mhandisi aliyeletwa, Bi. Kayalvizhi Murugesan, ambaye yupo nasi, alikuja na mashine ya akili mnemba, ambayo husoma picha za mji na kupendekeza njia ya mfereji pale ambapo watu wachache watahamishwa. Ramani za zamani hazikufaa, kwani nyumba nyingi hazimo. Ndipo ilipofikiriwa kuwatumia wachora kolamu, kwa sababu hapa kwetu kolamu huchorwa upya kila asubuhi na mtu aliye hai, hivyo penye kolamu pana watu, na aliyeifundisha mashine kuzitambua, za nukta na za maua, zilizochorwa kwa uhodari na zilizochorwa kwa usingizi, ni marehemu pamoja na wanawake aliowakusanya. Siku moja walichora mtaa mzima chini kwenye uwanja wa hekalu, kila nyumba nukta moja, mstari ukizizunguka zote, na mashine ikausoma mchoro ule na kuugeuza ramani, watu wakapiga makofi, na Poongodi akasema, "Mama mkwe, leo umempata mwanafunzi asiyechapwa."

Gari la picha la ofisi lilipita mitaani tarehe 6 Januari 2025, katika mwezi mtakatifu wa Margazhi, kolamu zikiwa katika ubora wake. Wiki ile ile, katika Mtaa wa Wahunzi, Mzee Thangavelu alikuwa amefariki, na nyumba za ukoo wake, kama ilivyo desturi ya msiba, ziliacha vizingiti vitupu bila kolamu. Mashine iliona vizingiti vitupu, ikahesabu kwamba hapakuwa na watu, na mpango ulipotoka mwezi Machi mfereji ulipita juu ya nyumba za Wahunzi na kuuacha Mtaa wa Kisima salama.

Hapa mtaani vigelegele vya shangwe havikupigwa, lakini peremende ziligawiwa. Marehemu hakuzila. Alikuwa ameiletea mashine kila aina ya kolamu aijuaye, ila hakuwa ameionyesha mlango wa msiba hata mmoja, kwa maana nani kati yetu angekwenda kupiga picha kizingiti cha mfiwa, nani angethubutu hata kukitaja wakati wa kazi njema. Alinijia nyumbani na kuniambia, "Kaka, nimeacha nukta nje ya mstari," na kabla sijamuuliza ni ipi, alikuwa amekwisha kuvaa viatu kwenda kwa Bi. Kayalvizhi.

Haikuwa jambo jepesi katika ukoo huu. Njia zilikuwa mbili za karibu, ya Wahunzi na yetu, na kuiondoa kule ilikuwa ni kuirudisha huku, isipokuwa mashine itambue kwamba kote kuna watu, ndipo iuzungushe mfereji kupitia maghala matupu ya kiwanda cha zamani. Nedumaran alimwambia mama yake mbele ya watu, "Mama, ungenyamaza tu! Nani alikuuliza?" Naye akamjibu, "Hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana nimesema." Wifi yake Rukmani, mkubwa wa ukoo, hakuongea naye mpaka mwezi Mei.

Ofisi ilikubali mashine ifundishwe upya na picha zipigwe mara ya pili, Alhamisi ya tarehe 11 Septemba, ambayo ni keshokutwa, na baada ya hapo mpango utatiwa saini wala hautabadilishwa. Kwa hiyo marehemu alianza kwenda kwenye misiba. Alipita Puducherry nzima, na hata Villianur, akiomba ruhusa ya kupiga picha vizingiti vya wafiwa, na huko alitukanwa kuliko alivyowahi kutukanwa katika maisha yake yote. Mjane mmoja alimwuliza, "Wewe kunguru, kifo chetu kina uzuri gani wa kupigiwa picha?" naye akakaa chini pale pale akamweleza, na akaondoka na picha. Hapa mtaani wazee walipomwona na simu yake mkononi walipiga kelele, "Ficheni babu zenu, Mwalimu anapita!" na Mzee Kandasami, aliyekuwa mgonjwa kitandani, alimwambia, "Valli, usinitazame hivyo, mimi bado nipo," marehemu akamjibu, "Basi mwambie mkeo achore, asinichanganyie hesabu." Mzee Kandasami yupo hapa, amemtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na moja.

Alichokuwa anaitafutia mashine ni tofauti kati ya mlango wa aliyehama na mlango wa aliyefiwa, kwa kuwa yote miwili ni mitupu. Nilikuwapo siku alipoipata. Alimwekea Bi. Kayalvizhi picha mbili kando kwa kando na kusema, "Usitazame unga, mjukuu wangu. Tazama vumbi. Aliyehama haachi mtu wa kufagia. Aliyefiwa anafagia, ananyunyiza maji, halafu mkono unaishia hapo." Bi. Kayalvizhi akasema, "Bibi, hilo mashine italiona, lakini sijui kama italiona kila mara." Katika majaribio ya mwezi Agosti mashine ilipatia milango mingi na kukosea mingine, na sitataja hesabu, kwa sababu mwenyewe hakuipenda.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2021, na tangu Februari mwaka huu alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akirudi kutoka hospitali na kushukia kwenye msiba wa watu asiowajua kabla ya kufika kwake. Tarehe 29 Agosti alilazwa. Alipoona kwamba hatarudi, alihesabu siku, akaelewa kabla yetu kwamba picha zitapigwa ukoo wake ukiwa katika matanga, na nyumba zote saba za Mtaa wa Kisima zikiwa tupu. Sivagami alimshika mkono na kumwambia, "Mama, siku hiyo tutachora kidogo tu, ua moja moja, miungu itatusamehe." Marehemu, ambaye alikuwa hazungumzi tena ila kwa taabu, alisema, "Mkichora mtakuwa mmeiambia kwamba sijafa. Nimehangaika kuifundisha ukweli, ninyi mtaifundisha uongo siku ya kwanza?" Nedumaran akamwuliza, "Na ikikosea, Mama?" Dada yangu alifariki Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo kwa kawaida angekuwa mlangoni.

Jana jioni ukoo ulikaa. Wapo waliotaka tuchore, wenye watoto wadogo na wenye mikopo ya nyumba, na siwalaumu. Poongodi alikwenda hadi kumwuliza Bi. Kayalvizhi kama anaweza kusogeza tarehe, akajibiwa kwamba ameomba na amekataliwa. Aliyelimaliza jambo ni Bi. Rukmani, aliyesema, "Nimemnunia miezi miwili akiwa hai kwa ajili ya mlango huu. Akiwa maiti simkaidi." Mtaa wa Wahunzi nao wametuma watu kusema kwamba siku hiyo watachora kwao kama kawaida, kama sisi tutakavyoacha kwetu kama kawaida.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, walimu wenzake, wanawake wa kolamu, wafiwa wote waliomruhusu, na hata waliomfukuza, majirani waliopika tangu jana, na Bi. Kayalvizhi, ambaye hajatuahidi kitu, na tunamheshimu kwa hilo.

Mwili ukishatoka na nyumba ikishaoshwa, naomba jambo moja kwa niaba yake. Alhamisi, kabla jua halijatoka, akina mama wa nyumba saba, tokeni. Fagieni vizuri, mpaka kwenye pembe, kisha nyunyizeni maji, kisha simameni hapo, mkono usiongeze kitu. Gari la picha litapita kabla ya saa mbili. Hatujui litaona nini.

Vedavalli, binti Arumugam, mke wa Ekambaram, nguo ya mwisho kutoka nyumbani kwetu, ambayo ni wajibu wa kaka, nimekuletea, na mlango wako nimeufagia mimi mwenyewe asubuhi hii. Lala, dada yangu, kwa amani.