Wasifu Wangu Uanze na Aoko

Sogeeni, Fabian na Winny, sauti yangu imebaki kidogo na sitaki iishie kwenye salamu. Winny, acha kulia kwanza, utalia baadaye. Na wewe Fabian chukua kalamu, maana leo ninajibu swali lako la miaka kumi na miwili.

Uliniuliza mbele ya watu wote, pale kanisani kwetu Nyamasaria, mimi nikiwa mwalimu wa dini, mbona Maandiko yote yanahusu taifa moja na nchi yao ndogo, ziwa lao limo, wavuvi wao wamo, na sisi wa ziwa hili kubwa hata samaki wetu mmoja hakutajwa. Nikakufukuza kwa hasira, na ilikuwa hasira ya mtu asiyejua jibu. Hujaingia kanisani tena, na kosa hilo ni langu.

Sikilizeni sasa, wanangu. Kwa nini Mungu aliwachagua wale, sijui, na mchungaji akisema anajua, mwambieni awaonyeshe. Lakini miezi hii ya kulala chali nimewasoma upya na nimewavulia kofia, kwa sababu walijiandika bila kujificha. Mfalme wao mkubwa alichukua mke wa askari wake, kisha akamuua huyo askari, nao wakaandika. Kahaba wa Yeriko yumo katika ukoo wa Bwana wetu, kwa jina lake. Ni nani mwingine angejianika hivyo, halafu awape watu wa dunia nzima wasome? Ndiyo maana mtu wa Kisumu anajiona mle ndani, hata kama Kisumu yenyewe haimo.

Na mimi je? Nimeandika wasifu wa marehemu wangapi, kutoka hapa hadi Manyatta, na kila mlevi nikasema alipenda watu! Tena tulipomzika mama yangu niliandika kwamba ameacha wajukuu wawili, yaani nyinyi. Aoko, binti niliyemzaa na Nabalayo kabla sijamwoa mama yenu, ndiye aliyemwogesha nyanya yenu miaka mitatu ya ugonjwa. Siku ile alikuwa ameketi hemani, akasikia ikisomwa, akakunja karatasi yake ya ratiba ya mazishi, akaitia kwenye mkoba, akaenda kuosha sufuria. Niliogopa waumini watahesabu miaka. Naona aibu, wanangu, inaniuma kuliko hiki kifua.

Basi, nyumba hii ni yenu wawili. Kiwanja cha kando ya barabara ni cha Aoko, na atakayemsumbua asitafute baraka zangu. Biblia yangu nakuachia wewe, Fabian, kwa sababu uliuliza; kanisani utakwenda ukipenda. Na wasifu wangu utausoma wewe, siku ya mazishi, bila kupunguza.

Andika. Mzee Ondiek ameacha watoto watatu. Wa kwanza... ngoja nipumue... wa kwanza ni Aoko, ambaye baba yake alimficha. Usinitazame hivyo, andika alimficha.

Nyasaye, Mungu wetu, awalinde nyinyi watatu... awape watoto wasioogopa kuwauliza. Sasa mwiteni. Yuko jikoni, anakoroga uji wangu. Mwambieni auache... aje aketi hapa mbele. Fabian, msomee. Polepole... asikie nikiwa hai.