Gari Halijajaa

Injini ilikuwa inanguruma, lakini hatuendi. Kwenye stendi ya Bungurasih gari haliondoki bila abiria kumi na wawili, na sisi tulikuwa watano.

Mbele yangu alikaa mwanafunzi, jina lake, Tegar, limeshonwa kwenye koti la chuo. Mama aliyepakata kapu la tempe, mikate ya soya iliyochachushwa, akamuuliza anasoma nini asubuhi yote hiyo.

"Usafirishaji wa mizigo ya viwandani, mama. Nina mtihani saa tatu. Kanuni ya kwanza: lori lisitoke ghalani mpaka lijae. Likitoka nusu, umesafirisha hewa."

"Hewa haiozi, mwanangu. Tempe zangu zikingoja lori lijae, mpishi ninayempelekea atazipokea nyeusi."

"Basi umezitengeneza mapema mno."

"Mapema? Hebu kaiambie soya iache kuchachuka, inasubiri lori la Tegar!"

Nikajifanya natazama nje nisicheke, ingawa nilishakitazama kibanda kile kile cha chai nusu saa nzima.

Tegar akaangalia saa yake, akaiangalia tena. "Kaka dereva, tuondoke basi! Nachelewa!"

Dereva hata hakugeuka. "Bado saba, bosi. Unataka nisafirishe hewa?"

Kijana akashuka mbio, akadandia pikipiki.

"Ingoje ijae kwanza!" mama akampigia kelele, akacheka peke yake.

Dereva akakitazama kiti kilichobaki wazi. "Bado wanane," akasema, akazima injini.

Mama akaacha kucheka. Akafunua kapu, akanusa.